Pumzi Kwenye Namba Kumi na Moja

Vijana wangu, nyinyi mnaotengeneza muziki kwa kompyuta huku mmekaa kitandani, ninawaandikia nikiwa nimestaafu. Hakuna aliyenifanyia sherehe ya kuniaga, maana sikuwahi kuajiriwa. Sikio langu la kushoto lilianza tu kulia kama birika linalochemka, na halijanyamaza mpaka leo. Nikaona nikiendelea kuchanganya sauti za watu nitawaharibia kazi. Nikafunga chumba changu cha kurekodia pale Kihesa, Iringa, nikagawa vyombo, nikarudi Rujewa nilikozaliwa. Sasa nafuga bata. Nao wana sauti zao, lakini hawaniombi niwarekebishe.

Shule niliacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Nilikwenda Ubaruku kuangalia mashine mpya ya kukoboa mpunga, na sikurudi. Baadaye nimeuza betri, nimepaka nyumba rangi, nimefunga spika makanisani, nimepiga kinanda kwenye bendi ya hoteli Mbeya, nimerekodi kwaya nyingi kuliko ninazoweza kukumbuka. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa kitu kinavyofanya kazi, kisha miguu ikaanza kuwasha. Muziki wa kompyuta sikuwahi kumaliza kuuelewa, ndiyo maana nilidumu nao.

Lakini nianze na ile mashine. Ikizunguka tupu, mashine ya kukoboa inatoa sauti moja nyembamba ya kuchosha. Ukimimina mpunga, sauti inashuka, inakoroma, halafu inapanda tena polepole kadiri mpunga unavyopungua. Baada ya mwezi mmoja niliweza kusimama nje, nimeipa mashine mgongo, nikajua gunia limebaki robo. Wakati ule sikujua kwamba hilo ndilo somo litakalonilisha maisha yangu yote: sauti isiyobeba mzigo wowote hakuna mtu atakayeisikiliza kwa muda mrefu.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu. Ukibonyeza kibodi iliyounganishwa na kompyuta, waya haubebi sauti. Unabeba maagizo, na maagizo hayo ndiyo yanayoitwa midi: noti fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, sasa imeachiwa. Sauti yenyewe inatengenezwa ndani ya kompyuta na programu, ile sinthesaiza. Wengi wenu mnaishia hapo, mnatuma noti tu. Lakini waya huohuo unaweza kubeba maagizo mengine wakati noti inaendelea kulia: ongeza, punguza, ng'arisha, tetemesha. Unayatuma kwa gurudumu dogo lililo kushoto mwa kibodi, au kwa pedali ya mguu, au kwa pumzi. Kila agizo lina namba yake, na thamani yake inatoka sifuri hadi mia moja ishirini na saba. Namba saba, ya ukubwa wa sauti, ni ya fundi mitambo: anaiweka mara moja ili chombo kikae sawa na vingine, kisha haigusi tena. Namba kumi na moja, ya kukuza na kupunguza sauti noti ikiwa inalia, ni ya mpigaji. Hiyo haitakiwi kutulia.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Nassoro, fundi wa redio na vipaza sauti aliyekuwa na kibanda karibu na soko, Mbeya mjini. Babu zake walitoka pwani wakiwa na bidhaa za kuuza. Yeye alibaki na bisibisi. Ujanani alipiga akodiani kwenye kikundi cha harusi. Siku moja nilimpelekea laptopu yangu asikie sauti ya fidla niliyojivunia sana. Alisikiliza huku anachomelea waya, wala hakuinua kichwa.

"Bwana mdogo," akasema, "unabonyeza kengele ya mlangoni. Ukishabonyeza unasubiri nani afungue?"

Nilikasirika, nikakaa wiki moja bila kupita pale. Niliporudi alichomoa pedali ya zamani kutoka kwenye rundo la vyuma, akaiunganisha, akaniambia nishike noti moja tu na nisiiachie. Kidole kisifanye kitu. Mguu ndio ufanye kazi. Alinieleza kwamba kwenye akodiani mkono wa kulia unachagua noti, lakini unaoongea ni mkono wa kushoto, ule unaovuta na kusukuma viriba vya hewa. Kwa wiki nzima alinipa noti hiyohiyo moja. Wateja waliokuja kuchukua redio zao walidhani kibandani kuna mtu anaumwa. Jaribuni na nyinyi, nusu saa tu. Mtaona mguu unavyokuwa mzito kama wa mlevi, na kisha, siku ya tatu au ya nne, unaanza kuwa na adabu.

Msidhani baada ya hapo nilikuwa hodari. Kwenye mahafali ya chuo kimoja cha ushonaji, Uyole, niliwasha vyombo na kinanda hakikutoa hata mlio. Nilibadilisha waya. Nilifungua mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Nilizima kompyuta na kuiwasha mara tatu, mshereheshaji akawa anawapigisha watu makofi ya kupoteza muda. Mwishowe nilikata tamaa, nikaacha kila kitu kikiwa kimewashwa, nikasimama kwa heshima kwa sababu mgeni rasmi alikuwa ameanza kusali. Niliposimama nilikanyaga pedali. Muda wote ule ilikuwa sifuri, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeegemea kibodi. Fidla arobaini zililipuka katikati ya "utuokoe na yule mwovu." Mama mmoja alikimbia na mtoto wa jirani akidhani ni wake. Basi shikeni hili: pedali inakumbuka mahali ulipoiacha. Kabla hujafungua mikisa, angalia mguu wako uko wapi.

Na ukinunua pedali ya aina nyingine, ijaribu nyumbani kwanza. Zipo zinazofanya kazi kinyume, ukikanyaga zinanyamaza. Hilo nalo nililijua mbele za watu, lakini kwa leo aibu moja inatosha.

Ninayetaka hasa kuwaeleza habari zake ni Baba Neema. Alikuja chumbani kwangu Kihesa asubuhi ya baridi, kola ya sweta ameivuta mpaka puani. "Kamwene, fundi," akanisalimu, kama watu wa Iringa wanavyosalimiana. Nikamkaribisha kiti. Alikuwa kiongozi wa tarumbeta za kanisa lao. Mnajua makanisa ya Kilutheri ya huku, tarumbeta ndizo zinazotangulia, iwe Pasaka, iwe mazishi, iwe harusi. Alikuwa ameongoza kwa miaka ishirini. Kisha pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye kokoto na meno yake manne ya mbele yakabaki barabarani. Alitengenezewa ya bandia. Yanatafuna vizuri, hata kucheka yanacheka vizuri, lakini akipuliza tarumbeta yanatembea.

Binti yake, Neema, alikuwa anaolewa baada ya wiki sita. Tangu Neema akiwa mdogo baba yake alimwahidi kwamba siku hiyo yeye ndiye atakayempigia wimbo wa kuingilia kanisani. Baba yake mdogo ndiye angemshika mkono. Kazi ya Baba Neema ilikuwa kusimama mbele na kumwita kwa tarumbeta. Sasa alitaka nimtengenezee sauti ya tarumbeta kwenye kompyuta, tuitoe kwenye spika, naye asimame na tarumbeta yake mdomoni ajifanye anapiga. Aliyasema hayo akiangalia sakafu.

Mimi sikuona ubaya. Wako wanamuziki wanaofanya hivyo jukwaani kila Jumamosi. Nikautengeneza wimbo ule mchana mmoja, noti zote zimenyooka, zimepangwa kama matofali. Nikamwita asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Huyu anapumua saa ngapi?" akauliza.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kanisani watu hawafuati kitabu, wanafuata pumzi ya tarumbeta. Mwisho wa kila mstari tarumbeta inakata, na kukata huko hakulingani. Baada ya mstari wa pili unakata kwa muda mrefu, kwa sababu wale bibi wa mabenchi ya mbele wanavuta pumzi hapo. Baada ya wa tatu unakata kidogo tu, maana maneno yanaendelea. Mwaka wake wa kwanza kuongoza alikwenda mbio, na ibada ilipoisha bibi mmoja alimfuata nje na fimbo yake, akamwambia kama anataka kumuua amuue nyumbani, asimuue kwa wimbo wa Bwana.

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikaweka nafasi mwisho wa mistari, nikachora kwa mausi milima na mabonde ya namba kumi na moja, sauti ipande na kushuka. Nilichora siku mbili. Nikamwita tena.

"Sasa anapumua," akasema. "Lakini anapumua kama mtu aliyeamriwa na askari wa barabarani apulize."

Alisimama akachukua kofia yake, akanishukuru, akasema itatosha, watu hawatajua. Ni lile neno, itatosha, lililonizuia nisimwache aondoke. Nilikuwa na sanduku la vyombo chakavu nilivyorithi kwa mtu aliyehama Mbeya, na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukitumia: kijisanduku chenye mpira mwembamba kama mrija. Unapuliza kwenye mpira, nacho kinapima nguvu ya pumzi na kuituma kwenye kompyuta kama namba. Nikakiita kipulizio. Nikamwambia akae tena.

Mpira ule haugusi midomo kwa nguvu. Unaweza kuushika kwa magego, pembeni, pale ambapo meno yake yalikuwa mazima. Kwa hiyo pumzi ilikuwa yake. Noti ndizo zilizokuwa na shida, kwa sababu hakuwahi kugusa kibodi. Lakini kama wanakwaya wote wa huku, alisoma do, re, mi tangu utotoni. Nikakata vipande vya plasta, nikaandika d, r, m, f, s, l, t, nikabandika juu ya vibonyezo. Kidole kimoja kingetosha.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilikipima kipulizio kwa pumzi yangu, na mimi nimevuta sigara tangu nikiwa Ubaruku. Kilichokuwa dhoruba kwangu, kwake kilikuwa kupooza chai. Alipopuliza mara ya kwanza namba ziligonga mia moja ishirini na saba papo hapo na kubaki huko, spika ikalia kama honi ya lori. Jifunzeni hapo: chombo kipimwe kwa mwili wa atakayekitumia. Nikamwambia apulize kwa upole kabisa anavyoweza, halafu kwa nguvu kama siku ya Pasaka, nikaandika viwango vyote viwili na kuipanga kompyuta kati yake.

Kosa la pili lilikuwa kuiunganisha pumzi na ukubwa wa sauti tu. Ilisikika kama mtu anayezungusha kitufe cha redio. Tarumbeta ya kweli ukiongeza pumzi haikui tu, inang'aa. Chuma kinaanza kusikika. Kwa hiyo pumzi ileile nikaipeleka pia kwenye kichujio cha sinthesaiza, kile kinachoziba na kufungua ule mng'ao. Kwa pumzi ndogo kichujio kinafunga na sauti inakuwa ya shaba nzito. Pumzi ikijaa kinafunguka. Nikaongeza na mtetemo kidogo sana, unaokuja pale tu noti inaposhikwa kwa muda. Baba Neema akapiga tena. Alirudia mstari wa kwanza mara nne.

Basi akawa anakuja kila siku. Aliziba midomo kwa nguvu kama alivyozoea, mpaka akapata kizunguzungu. Ikabidi nimfundishe kuacha hewa kidogo ivuje pembeni. Alilalamika sauti inachelewa kama mwangwi wa mlimani. Nikapunguza ucheleweshaji wa kompyuta mpaka sauti ikaanza kukwaruza, nikarudi nyuma hatua moja, hapo tukakaa. Kidole kilikosea, lakini pumzi haikukosea hata siku moja.

Wiki ya nne Neema mwenyewe aliingia bila kubisha. Ni mrefu kama baba yake, anafundisha watoto wa chekechea na anaongea na watu wazima kwa sauti hiyohiyo.

"Baba," akasema, "nyumbani unasema unakwenda kwa daktari wa meno."

Baba Neema alikuwa na mpira mdomoni. Akautoa polepole. Ikabidi amweleze yote, pamoja na ule mpango wa kwanza wa kujifanya. Neema alisikiliza akiwa amesimama. Alisema kama baba yake angeshika tarumbeta na kujifanya, yeye angegeuka pale pale mlangoni. Baba yake akasema hata hivyo bado hajaamua, maana akisimama mbele ya kanisa na mpira mdomoni ataonekana kama mgonjwa aliyewekewa oksijeni. Watu waliomjua miaka ishirini na tarumbeta ya kung'aa watamwonea huruma, na huruma ndiyo hasa asiyoitaka. Kilichokuwa kinamtesa ni hicho, wala si meno.

Neema akamvuta kola ya sweta chini, mpaka mdomo wote ukaonekana.

"Baba, mimi nitakuwa nimevaa shela," akasema. "Nani atakuwa anakuangalia wewe?"

Mzee alicheka mpaka meno ya bandia yakatoka, akayadaka kwa mkono.

Kulibaki uongozi wa kanisa. Mwinjilisti alikuja kuona, kwa sababu alisikia kompyuta itapiga yenyewe, na kwake huo ungekuwa udanganyifu mbele ya madhabahu. Mimi nilianza kumweleza habari za namba, akawa ananiangalia kama ninamuuzia kiwanja. Baba Neema akaninyamazisha. Akabonyeza "s" akaishikilia, bila kupuliza. Kimya. Akaendelea kuishikilia, akimtazama mwinjilisti machoni, mpaka kimya kikawa kirefu. Kisha akapuliza kidogo tu, na sauti ikaingia chumbani kama mtu anayefungua mlango taratibu.

"Basi ni yeye," mwinjilisti akasema, akaaga.

Siku ya harusi nilikaa nyuma ya spika na laptopu magotini. Tulikubaliana kwamba asiutazame mlango mpaka ubeti wa tatu. Niliogopa akimwona Neema pumzi itamkatika. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, mapigo makubwa, mng'ao umefunguka, wapiga tarumbeta wenzake watatu wamesimama pembeni yake. Wengine waligeuza shingo kutazama ule mpira, kisha wakaanza kuimba, kwa sababu ilikuwa imefika zamu yao ya kuimba.

Ubeti wa pili, mstari wa pili, kwenye ile noti ndefu, sauti ilikonda. Niliangalia skrini: tisini, sitini, thelathini, kumi na mbili. Nilidhani waya umechomoka, mkono wangu ukawa njiani. Lakini haikufika sifuri. Ilibaki uzi, unatetemeka kwenye nane, kwenye tisa, na kichujio kimefunga kabisa hivi kwamba ilisikika kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo. Wenzake watatu walimtazama, wakashusha za kwao. Na wale bibi wa mabenchi ya mbele, ambao miaka yote yeye ndiye aliyewasubiri, walikaa midomo wazi, wakamsubiri. Kisha alivuta pumzi ambayo kanisa zima liliisikia, akarudi na sauti kubwa kuliko yote tuliyowahi kuifanyia mazoezi, na wakaingia naye.

Mpaka leo anapiga. Wamempa wanafunzi wawili, mmoja ana pumu, na ule mpira sasa watoto wanauita tarumbeta ya babu. Nimewaachia kipulizio na kila nilichokiandika kuhusu kukipanga.

Nilikuwa nimerekodi midi yote ya siku ile, na wiki iliyofuata nilikuwa ninaiandaa ili niwape zawadi. Prodyuza mmoja kutoka Mbeya, kijana mwenye mkono mwepesi kuliko wangu, alikuwa amekuja kunitembelea. Akaona ule mstari wa namba kumi na moja kwenye skrini, mlima, mlima, mlima, halafu shimo. Akaniambia hapo pumzi ilikatika, ni kitu cha sekunde mbili kukisawazisha, na mausi ilikuwa tayari mkononi mwake. Nilimwomba aiache. Alidhani nimekuwa mzee. Ni kweli, lakini si kwa sababu hiyo.

Neema alikuja na baba yake kuuchukua wimbo. Tuliusikiliza wote, na nikawaonyesha mstari ukitembea. Ulipofika kwenye shimo Neema aliweka kidole juu ya skrini.

"Hapa nilikuwa nimefika benchi la ngapi?" akauliza.

Baba Neema alikiangalia kile kidole.

"Bado ulikuwa mlangoni," akasema. "Hata mguu ulikuwa hujauinua."